Jina la Pili la Kila Kitu

Mwaka 1901 Kisumu haikuwa Kenya. Kwa wajenzi wa reli haikuwa hata Kisumu; kwenye ramani zao palikuwa Port Florence. Kenya yenyewe haikuwapo kwa jina hilo, maana Waingereza waliiita Himaya ya Afrika Mashariki na hawakuifanya Koloni la Kenya hadi 1920. Na hata himaya hiyo haikufika ziwani. Hadi tarehe 1 Aprili 1902 ufuo huu wote, pamoja na nchi kavu hadi kupita Naivasha, ulikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na ndiyo sababu reli iliyoishia hapa iliitwa Reli ya Uganda bila mtu kuona ajabu. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili anayeketi mbele ya kompyuta na kuandika "Kisumu Kenya 1901" anaulizia mahali ambapo, kwa mwaka huo, hapakuwapo. Mashine haimwambii hivyo. Humpa orodha ya hoteli.

Ufundi wa kutafuta nimeuheshimu kwa kumwangalia mzee mmoja, mwalimu wa historia aliyestaafu, ambaye mtaani kwake hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Japuonj tu, yaani mwalimu, na hata makondakta wa matatu humwita hivyo. Alasiri huwa maktabani mjini, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, na wanafunzi humfuata na miradi yao ya shule. Hawapi majibu. Hutafuta pamoja nao katika Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni, akiwa amefungua ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa wakati mmoja, na huandika kwa vidole viwili, kila herufi akiibonyeza kama mtu anayepiga muhuri. Nimekaa na waandishi wa habari na watafiti wa vyuo, watu wenye kasi ya kutisha kwenye kibodi. Hakuna hata mmoja ninayeweza kumlinganisha naye.

Kazi yake huanzia mbali na kompyuta. Kwanza huchukua karatasi.

"Mwalimu, nimeandika Kisumu, imeniletea kaunti," msichana mmoja alimwambia siku niliyokuwa nimeketi pembeni.

"Kaunti zilianza kazi lini, nyathina?"

"Baada ya uchaguzi wa 2013."

"Sasa jina la 2013 litakufikishaje 1901?"

Kisha wakaandika kwenye karatasi majina yote ambayo mahali hapa pamewahi kuwa nayo, kila jina na miaka yake: Port Florence, Kisumu, Kavirondo, Nyanza, Uganda ya Mashariki. Ghuba nayo ikapewa mstari wake, kwa kuwa vitabu vya zamani huiita Kavirondo na vya sasa Winam. Ziwa lenyewe lilijaza nusu ya ukurasa. John Hanning Speke alilitazama kutoka upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 akalipa jina la malkia wake, lakini Waluo walikuwa na Nam Lolwe, Waganda Nalubaale, na wasafiri wa misafara ya pwani Ukerewe. Kila jina ni njia ya kuingilia, na kila njia ina kurasa ambazo nyingine hazifiki. Ukitafuta kwa Victoria utapata wavumbuzi. Ukitafuta kwa Kavirondo utapata maofisa wa wilaya, wamisionari na ugonjwa wa malale.

Hapa ufuoni, mgeni anayetafuta boma la mtu huko Seme hataji jina la mwenyeji peke yake, maana wapo Otieno wengi. Hutaja baba yake, upande alikooa, na shule aliyowahi kufundisha. Japuonj hutafuta kurasa kwa adabu hiyohiyo.

Port Florence ndiyo mfano wake wa kufundishia, kwa sababu unaonekana mwepesi. Florence ni nani? Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, baada ya kilomita zipatazo 940. Kurasa na vitabu kadhaa vinasema mji uliitwa kwa jina la mke wa Ronald Preston, mtu aliyesimamia kikosi cha kutandika reli. Vingine vinasema ni mke wa George Whitehouse, mhandisi mkuu. Mwanafunzi wa kawaida huchukua jibu la kwanza akafunga ukurasa. Kinachomnasa Japuonj ni kwamba wake wote wawili wanatajwa kwa jina la Florence. Hapo mtu mwenye haraka angerusha shilingi.

Yeye huacha ukurasa wa mji na kwenda kwenye kurasa za watu. Historia ikigoma, anasema, muulize aliyekuwapo. Bi. Preston aliishi kambini pamoja na mumewe, kambi iliyokuwa ikisogea kila reli iliposogea, kutoka nyika ya pwani hadi matope ya ziwani. Na simulizi zinazoeleza siku ile ya Desemba humweka yeye kwenye pigo la mwisho la nyundo. Preston mwenyewe aliacha kitabu cha kumbukumbu zake. Whitehouse alikuwa na cheo, na vyeo huvutia majina ya miji. Kwa hiyo katika daftari la msichana yule ziliingia sentensi mbili badala ya moja: nani aliyepiga nyundo, na nani anadaiwa kuupa mji jina lake, na chini ya kila sentensi, ni nani anayesema hivyo. Binafsi mji nampa Bi. Preston, kwa sababu alitembea njia nzima, lakini najua hiyo ni hisia. Japuonj hakuniruhusu niiandike kwenye daftari la mtoto.

Wanaoidharau Wikipedia, na walimu wengi wa Kisumu bado wanaidharau, hunena kana kwamba ni kitabu kibaya. Japuonj huitumia kama mahali pa kukutana na walioandika. Ilianzishwa na Jimmy Wales na Larry Sanger mwezi Januari 2001, ya Kiswahili ikafuata 2003, na nyuma ya kila ukurasa upo ukurasa mwingine usiofunguliwa na wengi: bofya "Fungua historia" uone kila badiliko, saa lilipofanywa na jina alilojipa aliyelifanya. Karibu yake upo wa majadiliano, ambako watu hugombana. Japuonj husoma ugomvi kabla ya makala. Anaamini, nami nimekubali, kwamba mahali wahariri walipovutana ndipo palipo na jambo. Makala fupi za Kiswahili hubandikwa alama kwamba bado ni mbegu, na yeye haziruki. Huzisoma haraka, hunyofoa jina moja au mwaka mmoja usiokuwapo kwenye ya Kiingereza, kisha hurudi.

Lakini ustadi wenyewe niliuona kwenye kisa cha Rusinga.

Mvulana mmoja alikuwa na mradi kuhusu Tom Mboya. Habari zake zote zilikuwa sahihi na hazikuwa na uhai: alizaliwa 1930, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi, waziri, akauawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akazikwa kisiwani Rusinga. Japuonj aliweka kidole kwenye neno la mwisho. Alizaliwa Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake alifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Mbona kaburi liko ziwani, mbele ya mji wa Mbita? Wakafungua ukurasa wa kisiwa. Humo, mistari michache tu kutoka kwenye kaburi la Mboya, walikutana na fuvu.

Tarehe 2 Oktoba 1948 Mary Leakey alipata Rusinga fuvu la nyani mkubwa asiye na mkia, wa miaka ipatayo milioni 18. Jamaa ya mnyama huyo ilikuwa imepewa jina la kisayansi tangu 1933, na Arthur Hopwood wa London, kutokana na mabaki ya Koru, ambayo leo ni Kaunti ya Kisumu. Hopwood alichagua Proconsul. Alikuwa akimtania sokwe aliyeitwa Consul, mmoja wa wale waliovishwa nguo na kuchezeshwa majukwaani Ulaya: kiumbe wetu alikuwa wa kabla ya Consul. Mvulana alicheka. Japuonj hakucheka, alikuwa akisoma jina la pili.

Majina ya kisayansi huja mawili mawili, na watafutaji wengi husoma la kwanza. Lile fuvu la Rusinga liliwahi kuitwa Proconsul africanus. Mwaka 1993 wataalamu walilitenga wakaliita Proconsul heseloni. Mwaka 2015 wengine walibadilisha hata jina la mbele, likawa Ekembo heseloni. Mtu anayetafuta kwa jina la 1948 atapata vitabu vya babu yake. Anayetafuta kwa la 2015 hatapata kitu kilichoandikwa kabla. Njia ya Japuonj ya kukwepa mtego huu ilinifanya niweke chini kalamu. Alitafuta namba. Kila mfupa wa makumbusho una namba yake, na ya fuvu hili ni KNM-RU 7290: herufi za Makumbusho ya Taifa ya Kenya, herufi za Rusinga, kisha nafasi yake kwenye daftari. Wataalamu wameendelea kubishana kuhusu jina, namba imebaki ileile. Aliiandika kwenye kisanduku cha kutafutia, na karatasi zikajipanga, zenye jina la zamani na zenye jina jipya, zote zikizungumzia mfupa uleule.

Kisha akamrudisha mvulana kwenye heseloni. "Hili ni la nani?"

Ni la Heselon Mukiri. Alikuwa Mkenya, msaidizi mkuu wa Louis Leakey, mume wa Mary, kwa miongo mingi, mtu mwenye jicho la kutambua jino la kale kwenye changarawe. Akina Leakey wana vitabu, filamu na kurasa katika lugha nyingi. Ukitaka kumfikia Mukiri huna budi kupitia kwa mnyama. Japuonj alifungua orodha iitwayo "Viungo viungavyo ukurasa huu", ambayo huonyesha kila makala inayoelekeza kwenye makala uliyomo, akaanza kuzipitia makala jirani na fuvu moja moja akitafuta penye jina hilo. Hapa katajwa katika sentensi, pale katika mabano. Ilichukua sehemu kubwa ya alasiri. Mwishoni mvulana alikuwa na aya moja fupi juu ya Heselon Mukiri, kila neno lake lina mahali lilipotoka, na mradi wa Tom Mboya ulikuwa umesahauliwa mezani. Nilijiuliza kama hiyo si hasara. Japuonj alimwambia arudi kesho kwa Mboya, kwa kuwa Mboya hapotei.

Najua wapo watakaosema sokwe wa sarakasi kutangulia miaka sitini mbele ya Mkenya katika kupewa jina ni jambo la kuandikiwa hasira. Japuonj hakuandika hasira. Alipanga tarehe mbili, 1933 na 1993, moja chini ya nyingine, akamwachia mtoto aziangalie.

Jambo hili la kupita kutoka sayansi kwenda kwa mtu, na kutoka kwa mtu kwenda kwenye zama zake, linaonekana kama kutangatanga. Maktabani wapo wanaomlaumu kwa hilo, na wapo wazazi wanaotaka mtoto arudi nyumbani na kurasa tatu zilizochapwa. Mimi naona kwamba ndiyo njia pekee ambayo ukurasa wa kamusi elezo haukudanganyi, kwa sababu kila fani huficha kitu chake. Ukurasa wa sayansi huficha watu. Ukurasa wa maisha ya mtu huficha wenzake. Wa historia huficha hesabu. Mtafutaji anayekaa kwenye fani moja hupokea ficho lake lote bila kujua.

Selimundu ilinionyesha hili kuliko yote. Hakuna haja ya kumweleza mtu wa Kisumu ugonjwa huu ni nini. Kwenye kila darasa yupo mtoto ambaye maumivu ya mifupa humtoa shuleni. Msichana wa biolojia alikuja akiwa amekariri kila kitu kuhusu chembe nyekundu za damu kujikunja kama mundu, na kwamba mwenye jeni moja tu la ugonjwa huo hana shida kubwa na hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Swali la Japuonj lilikuwa dogo: nani wa kwanza kuuliza kwa nini ugonjwa huu uko huku na hauko Nyeri?

Wakashuka hadi sehemu ya historia ya ugonjwa, ile ambayo wanafunzi huiruka kwa sababu haiji kwenye mtihani, na huko wakamkuta Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alikuja na msafara wa chuo hicho akapima damu za watu wa makabila mengi ya nchi hii. Jeni la selimundu lilikuwa la kawaida kwa watu wa pwani na kwa watu wa ziwani, na adimu mno kwa watu wa nyanda za juu kati yao. Pwani na ziwani hakuna lugha moja wala asili moja. Kuna mbu. Hapo ndipo wazo lilipomjia, na mwaka 1954 alilichapisha pamoja na ushahidi wake: jeni linaloua linadumu kwa sababu nusu yake inaokoa. Ni miongoni mwa mifano ya kwanza iliyo wazi ya uteuzi wa asili kwa binadamu, na sehemu kubwa yake ilisomwa katika damu ya watu wa ufuo huu. Msichana hakuwa amewahi kuambiwa.

Ningeridhika hapo. Japuonj aliendelea kusoma, polepole, midomo ikicheza, mpaka akafika kwenye jaribio lenyewe. Mwaka 1953 Allison alipata wanaume 30 wa Kiluo waliokuwa wakiishi Nairobi, mbali na malaria ya nyumbani. Kumi na watano walikuwa na jeni la selimundu, kumi na watano hawakuwa nalo. Wote waliambukizwa malaria kwa makusudi, wakafuatiliwa, kisha wakatibiwa. Katika wale wasiokuwa na jeni hilo, vimelea vilionekana kwa 14 kati ya 15. Katika waliokuwa nalo, ni wawili tu. Hesabu safi kiasi hicho ni nadra katika tiba, na ilikuwa nguzo mojawapo ya wazo hilo.

"Wanaitwa nani?" akauliza msichana.

Japuonj alikuwa tayari ameshaanza kutafuta. Masimulizi ya kawaida ya jaribio hili huwataja kwa kabila na kwa idadi. Walitoka Gem, Alego, Karachuonyo? Walilipwa? Walielezwa nini, na kwa lugha gani? Alijaribu kwa mwaka, kwa Nairobi, kwa jina la jarida, kwa jina la ugonjwa kwa Kiingereza cha zama zile. Kisha akafanya jambo ambalo mtafutaji wa haraka hawezi kulifanya: akaandika kwenye karatasi kwamba ametafuta, kwa maneno gani, na hakupata. Karatasi hiyo aliiweka kwenye bahasha. Anazo bahasha za namna hiyo nyingi, za maswali yaliyogoma, na njia zote zilizokwisha kujaribiwa, ili atakayekuja asianze upya. Ukitaka kujua fundi ni nani, tazama anavyoyatunza aliyoyakosa.

Kutoka hapo hadi chanjo ni mbofyo mmoja, na alihakikisha msichana anaubofya. Tarehe 13 Septemba 2019 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilizinduliwa Kenya huko Homa Bay, ng'ambo ya ghuba, baada ya miaka ya majaribio yaliyohusisha watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, walioko Kisian, nje kidogo ya mji. Watoto walioshiriki majaribio waliletwa na wazazi waliosaini fomu baada ya kusomewa. Msichana aliziweka habari hizo mbili kwenye ukurasa mmoja wa mradi, 1953 na 2019, bila kuambiwa azilinganishe.

Kuhusu siasa Japuonj huwa mfupi, na kwa sababu hiyo nami nitakuwa mfupi. Hospitali kubwa ya Kisumu ina majina matatu ya kutafutia. Wenyeji huiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Magazeti ya 1969 yaliiita kwa jina la Nyanza. Leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga. Mwanafunzi anayelijua la leo tu hatajua kwa urahisi kwamba tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua, akatupiana maneno na Odinga hadharani, ghasia zikazuka na walinzi wakafyatulia umati risasi. Siku chache baadaye chama chake Odinga, KPU, kilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Serikali ilitaja waliokufa kuwa 11. Wengine wanataja makumi, hata kufikia mia. Kwenye namba kama hizi Japuonj haruhusu wastani. Kila idadi huandikwa pamoja na kinywa kilichoitoa, na mwanafunzi huelekezwa pia kwenye ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa mwaka 2013, ambayo inalishughulikia tukio hilo. Wanafunzi wengine hutazamana. Wengi wana nyanya ambaye angeweza kuwaeleza zaidi ya ukurasa wowote.

Na hapo ndipo kamusi elezo inapofika ukingo wake. Sheria yake moja kubwa ni kwamba kila jambo liwe limechapishwa mahali pengine pa kuaminika. Nyanya hawezi kuwa tanbihi. Mvuvi wa Dunga anayezitofautisha fulu, wale samaki wadogo wa ziwa hili waliokuwa wa aina mamia kabla mbuta aliyeletwa na binadamu hajawamaliza wengi wao, hawezi kuingiza ujuzi wake kwa sababu tu anaujua. Aina nyingi za fulu zina kurasa zenye jina la Kilatini na mistari miwili. Jina ambalo mvuvi angelitumia kuwatafuta halimo. Kuna watu wanaoliona hili kama dhuluma tupu ya wenye kompyuta dhidi ya wenye kumbukumbu. Nami nilikuwa karibu kuwaunga mkono, mpaka Japuonj aliponiuliza kama ningependa mtu yeyote aandike lolote kuhusu babu yangu kwa kusema tu kwamba alisikia.

Jibu lake kwa tatizo hilo ni mtu, na ni mtu wa jirani. Bethwell Allan Ogot alizaliwa Gem mwaka 1929, akasoma Maseno, Makerere, St Andrews na London. Wakati alipoanza, wasomi wengi waliamini kwamba watu wasio na maandishi hawana historia ya kutafitiwa. Yeye alikwenda kwa wazee. Alikusanya masimulizi ya koo na uhamaji, akayapambanisha ukoo kwa ukoo, akahesabu vizazi ili kupata miaka, na mwaka 1967 kikatoka kitabu chake cha historia ya Waluo wa kusini. Baadaye aliongoza kamati ya kimataifa ya UNESCO iliyosimamia uandishi wa historia kuu ya Afrika yenye majuzuu manane, na la tano akalihariri mwenyewe. Alifariki tarehe 30 Januari 2025. Kinachomvutia Japuonj kuliko vyeo vyote hivyo ni kazi ya ukarani iliyo ndani yake: kwa sababu Ogot aliwaandika wazee, wazee sasa wanaweza kuingia kwenye kamusi elezo. Ukurasa humtaja Ogot, Ogot huwataja wao.

Mke wa Ogot ana ukurasa wake, na huo Japuonj huwatolea wanafunzi wake walioiva. Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, muuguzi, mtangazaji, mbunge, mwandishi wa *The Promised Land* ya 1966 na, kwa Dholuo, *Miaha* ya 1983. Alifariki Machi 2015. Lakini alizaliwa lini? Mahali pengine utasoma 1930, pengine 1934, na miaka yote miwili imenakiliwa na watu wasiotazamana. Msichana wa Port Florence, ambaye kwa sasa ni wa kidato cha tatu na ana karatasi yake mwenyewe ya majina, ndiye aliyepewa kazi hiyo. Alifungua kurasa za lugha zote anazoweza kuzisoma. Alifungua historia ya mabadiliko akaona mwaka ukibadilishwa. Alifuata tanbihi moja baada ya nyingine hadi kwenye wasifu uliochapishwa gazetini alipofariki, na huko akakuta wanaonukuu walionukuu.

"Mwalimu, yeye mwenyewe hakuandika?"

Aliandika. Tawasifu yake ilitoka mwaka 2012, *Days of My Life*. Japuonj alimwonyesha mstari wa chini kabisa wa orodha ya vitabu, mahali pa mchapishaji: Anyange Press, Kisumu.

Msichana aliusoma mji huo mara ya pili, akazima kompyuta, akaenda kwa mkutubi kuuliza rafu.